Mkono Chini ya Shuka

Kila Jumatano, siku ya mnada, lazima atokee mtu wa kuniuliza shemeji yangu Shurie ana nini siku hizi. Huuliza huku anapuliza chai yangu, macho yako kwake na sikio liko kwangu. Mimi nauza chai ya maziwa ya ngamia kando ya lango la soko la mifugo hapa Garissa, na kwa sababu hiyo watu wanadhani ni kazi yangu pia kuwajibu. Mwanzoni niliwajibu. Sasa nawaambia wanywe chai yao waende. Lakini nimeona kwamba ukinyamaza watu wanajaza wenyewe. Wengine wanasema amerogwa, wengine kiburi kimempanda kichwani, na juzi Abdinoor, mfanyabiashara mmoja wa mbuzi kutoka Tarbaj, alisema mbele yangu kwamba mzee ameanza kusahau kazi. Huyo nilimnyima sukari. Basi naeleza mara moja hapa, tangu mwanzo, na sitarudia.

Shurie mwenyewe ni mtu wa Tarbaj. Alizaliwa porini, akachunga ngamia wa baba yake mpaka ukame ukawamaliza, ndipo akashuka Garissa akiwa kijana asiye na kitu zaidi ya shuka la begani. Dalali mmoja mzee aitwaye Awil alimhurumia akamfundisha kazi. Na kazi yenyewe lazima niieleze, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kilichotokea hospitalini.

Dalali wa mifugo wa kizamani hataji bei kwa mdomo. Sokoni kuna mamia ya watu wametega masikio, na ukitamka bei moja umewatangazia wote. Kwa hiyo dalali anavua shuka lake, analitandaza juu ya mkono wake na mkono wa mnunuzi, na huko chini vidole vinaongea. Kidole kimoja ni moja, viwili ni mbili, mkono mzima ni tano. Mwenzako akiona umepanda mno, anakukunja vidole mpaka vibaki anavyovitaka yeye. Ukibonyeza mara mbili, unasema hili ni neno langu la mwisho. Ukikaza mkono ukatulia, umekubali. Ukiuchomoa, biashara imekufa. Huku juu nyuso hazisemi kitu. Wanaume wanatazama kwingine na kuulizana habari za mvua.

Unaruhusiwa kuanza juu na unaruhusiwa kubana, hiyo ndiyo biashara. Kisichoruhusiwa ni kubonyeza mara mbili juu ya uongo. Mle ndani hakuna shahidi, ni Mungu na watu wawili, na dalali akishajulikana kwamba neno lake la mwisho si la mwisho, hakuna atakayempa mkono tena. Shurie alifanya kazi hiyo miaka thelathini na sijasikia mtu hata mmoja akimlalamikia. Mimi namlalamikia kwa mengine, kwa mfano anavyokunywa chai yangu bila kusifu, lakini kwa hilo hapana.

Alimwoa Maka, dada yangu mkubwa. Walipata binti mmoja, Idman. Maka alifariki akijifungua wa pili, na yule mtoto akamfuata kabla jua halijatua. Idman alikuwa na miaka mitano. Tulimwambia Shurie aoe tena; akasema ataoa mvua ikinyesha, na mvua zilinyesha nyingi, asioe. Mtoto akawa anakuja naye sokoni. Alikaa kwangu mpaka achoke, halafu alikimbia kwa baba yake akajificha chini ya kwapa lake, na mkono wake mdogo ukaingia chini ya shuka pamoja na mikono ya wakubwa. Wanunuzi walicheka. Hawakujua kwamba anasoma.

Kufikia miaka minane alikuwa anaijua lugha ya vidole kama anavyoijua Fatiha. Nyumbani wageni wakikaa sana, aliingiza mkono chini ya shuka la baba yake na kumuuliza wataondoka baada ya saa ngapi, naye Shurie akimjibu kwa vidole huku anamsikiliza mgeni kwa heshima zote. Na kila mauzo yalipokamilika, Idman alikuwa na haki yake. Shurie alifungua kiganja chini ya shuka, na mtoto alikigonga mara tatu kwa kidole. Maana yake fungu langu liko wapi. Fungu lake lilikuwa tende moja, na Shurie alitembea na tende mfukoni kwa ajili hiyo tu. Ishara hiyo haikuwa ya soko. Ilikuwa ya wale wawili, na mimi niliijua kwa sababu nilikuwa napika chai hatua tatu kutoka hapo.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, maana nami nina sehemu. Idman alipokuwa na miaka kumi aliugua koo, likapona, na baada ya wiki chache magoti yakavimba. Yalipotulia, uvimbe ukahamia vifundo vya miguu, kisha viwiko. Shurie alitaka kumpeleka hospitali. Mimi nilisema hospitali watampa vidonge vya maumivu tu, apelekwe kwa mzee wa kuchoma, yule anayepasha kijiti motoni na kukigusisha mahali panapouma. Hata mimi nilichomwa utotoni na nikapona, au nilidhani nilipona. Basi alichomwa, magotini na kifuani, madoa madogo ya duara, na hakulia kwa sababu baba yake alikuwa amemshika mkono. Uvimbe uliondoka. Nilijisifu sana siku zile, na kila nikikumbuka najichukia.

Miaka kumi na tano baadaye daktari mjini Nairobi alinieleza, kwa upole ambao sikuustahili, kwamba ule uvimbe ungeondoka wenyewe. Lile koo ndilo lililotaka dawa. Lilipoachwa, ugonjwa ukashuka kwenye viungo, ukavipitia, ukaenda kukaa kwenye vali za moyo, ukazila polepole wakati mtoto anasoma, anafaulu, anakwenda chuo cha ualimu na kurudi kufundisha darasa la tatu hapa hapa mjini. Alianza kuchoka akipanda ngazi. Kisha akawa analala ameketi. Mwalimu mkuu wake alidhani ni mimba, naye hajaolewa, na maneno yakaanza, mpaka kipimo cha moyo kilipowafunga watu midomo.

Alifanyiwa upasuaji Jumatatu, katika hospitali moja kubwa ya Nairobi. Tulikuwa watu wawili, Shurie na mimi, tumefikia kwa jamaa zetu mtaa wa Islii. Asubuhi ile Idman alinicheka kwa sababu nilikuwa natetemeka kuliko yeye. Aliniambia, "Habaryar, ukiendelea hivyo watakulaza wewe." Habaryar ni mama mdogo, ndivyo alivyoniita maisha yake yote. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwa sauti yake.

Vali mpya iliingia vizuri. Tatizo lilikuja mwisho. Wakati wa upasuaji moyo husimamishwa, na mashine hufanya kazi yake pamoja na ya mapafu. Walipotaka kumrudishia moyo wake kazi hiyo, moyo haukuipokea. Ulikuwa umechakaa kuliko picha zilivyoonyesha. Walijaribu mara mbili, ukalegea. Mara ya tatu walimwekea mashine nyingine ya kuusaidia, na ndiyo aliyotoka nayo chumba cha upasuaji.

Mashine hiyo nilikaa nayo siku sita na naweza kuieleza. Ni mrija mwembamba unaopita kwenye mshipa wa paja na kupanda mpaka karibu na moyo. Kwenye ncha yake kuna puto refu jembamba. Moyo ukipumzika, puto linajaa na kusukuma damu. Moyo ukitaka kupiga, puto linanywea ghafla na kuupunguzia mzigo. Kando ya kitanda kuna sanduku lenye magurudumu, na ndani yake kitu kinapiga tak, tak, tak, kikifuata mapigo ya mgonjwa. Shurie alilipenda sanduku lile siku ya kwanza. Alilisalimia. Alisema ni mnyama mwaminifu.

Muuguzi aliyekuwa zamu ya mchana aliitwa Hamdi, msichana wa Griftu, na kusikia Kisomali ndani ya chumba kile cha wagonjwa mahututi kulitupa nguvu. Ndiye aliyetueleza kwamba puto haliponyi kitu. Linaushikilia moyo huku wakingoja uamke wenyewe. Sasa lilikuwa linasaidia kila pigo. Moyo ukipata nguvu, watalipunguza lisaidie pigo moja kati ya mawili, kisha moja kati ya matatu, na moyo ukistahimili hapo, litatolewa. Shurie alilielewa jambo hilo upesi kuliko mimi. Alisema kumbe ni kupunguziana kidogo kidogo, ndiyo kazi yake.

Jumatano walipunguza mara moja. Presha ikaanguka, wakarudisha. Alhamisi wakajaribu tena, ikawa hivyo hivyo. Ijumaa walipojaribu tulikuwa mlangoni, na nilimwona Shurie akikodolea macho namba za kwenye kioo, midomo inacheza. Namba zilishuka. Tak tak ya kila pigo ikarudi.

Jumamosi saa nne asubuhi daktari alituita kwenye chumba kidogo chenye viti vitatu. Alikuwa mwanamke mrefu, mtu wa maneno machache, na viatu vyake vilikuwa vimechakaa upande mmoja. Alisema mguu wa Idman wenye mrija umeanza kuwa baridi na kubadilika rangi, kwa sababu mrija unaziba njia ya damu. Puto haliwezi kukaa zaidi. Litatolewa kesho asubuhi, na kwa anavyoona yeye, moyo hautastahimili. Nilimuuliza hakuna mashine nyingine. Alisema ipo kubwa zaidi, inayoitoa damu nje ya mwili, kuitia hewa na kuirudisha, lakini hiyo ni daraja, na ng'ambo ya daraja lazima kuwe na kitu, ama moyo unaotarajiwa kupona ama moyo mwingine. Walikuwa wamekaa madaktari wanne juu ya suala hilo, na hawakuona ng'ambo.

Shurie alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha. Kisha akafanya kosa ambalo ni mtu wa soko letu tu angelifanya. Alidhani ni bei ya kufungulia, ile ya kuanzia tu.

"Daktari," akasema kwa Kiswahili chake, "hiyo siku yako ni kidogo. Wewe ongeza. Siku tatu, halafu tunaona."

Daktari alieleza tena, polepole, habari za mguu. Shurie akatikisa kichwa akasema basi siku mbili. Daktari akasema si suala la yeye kutaka. Shurie akakaa kimya muda mrefu, akitazama ukuta, na nilimfahamu kimya hicho, ndicho anachowafanyia watu wa Kutulo wanaponunua ng'ombe waliokonda. Alikuwa anamngoja achoke. Nilitaka kumshika shuka nimtikise. Hamdi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamweleza daktari kwa Kiingereza maneno mawili matatu, na daktari akavua miwani.

"Mzee Shurie," akasema, "Hamdi ameniambia kazi yako. Bei ya mwisho nilikupa tangu niliposema mara ya kwanza. Sina nyingine."

Hapo ndipo alipoelewa. Nilimwona akielewa, na sitaki kueleza uso wake.

Lakini daktari hakuwa amemaliza. Idman alikuwa macho. Walimpunguzia dawa za usingizi tangu Alhamisi, alikuwa anafungua macho, anasikia, anaitikia kwa kichwa. Mrija wa kupumulia ulikuwa mdomoni hivyo hakuweza kusema, na kalamu alipopewa ilimponyoka. Ni mtu mzima, daktari akasema, miaka ishirini na mitano, na ana haki ya kujua yanayomhusu kesho. Alitaka kumwambia yeye mwenyewe.

Shurie akakataa. Hilo nalo ni letu. Kwetu mgonjwa haambiwi. Unamwambia inshallah, unamwambia kesho, unamletea habari za nyumbani, na mpaka roho inatoka anajua anapona. Alimwambia daktari kwamba kumwambia mtu anakufa ni kumuua kabla ya Mungu, na kwamba yeye ni baba. Daktari akafikiri, akasema: "Mna nafasi ya kumwona saa kumi. Mwambie wewe, kwa njia yenu. Ukishindwa, saa kumi na moja nitamwambia mimi. Siwezi kumtolea mashine ile bila yeye kujua."

Tulikaa nje kwenye benchi. Ninakiri nilimgombeza. Nilimwambia Idman si mtoto, amehifadhi nusu ya Kurani, amefundisha watoto wa watu. Nilimwambia mtu ana haki ya kutamka shahada akijua ndiyo ya mwisho, ana haki ya kuombana radhi na kuacha wosia, na kama yeye anaogopa basi yeye ndiye mtoto. Alitoa tende mfukoni, akaitazama, akairudisha. Nilikuwa nimekasirika kweli kweli, na sehemu kubwa ya hasira ile haikuwa yake. Niliona madoa yale ya duara kila waliposogeza shuka la kitanda.

Saa kumi tuliingia, tumevaa makoti yao ya karatasi. Mimi nilitangulia upande wa kushoto. Nilikuwa nimejiapiza kwamba asiposema yeye nitasema mimi. Basi nikainama, Idman akanitazama, na mimi, Kowsar, ninayejulikana soko zima kwa mdomo, nikamwambia mbuzi wake mweupe amezaa mapacha. Hata mbuzi mwenyewe hakuwa amezaa. Akafumba macho, akayafumbua.

Shurie alisimama upande wa kulia, penye mkono usiofungwa mipira ya dawa. Alisimama tu, sanduku likipiga tak, tak, tak. Kisha nikaona shuka la kitanda linatikisika.

Idman ndiye aliyeanza. Alikuwa ameutafuta mkono wa baba yake chini ya shuka akaupata. Yaliyofuata niliyaona kwa nje kama ninavyoyaona sokoni kila Jumatano, na mengine Shurie alinieleza baadaye. Idman alikwaruza kidogo kiganja cha baba yake. Ndivyo mnunuzi anavyouliza: ngapi?

Shurie alijua anachoulizwa. Siku ngapi. Si siku za kwenda nyumbani. Macho yale hayakuwa yanauliza nyumbani. Angeweza kuchomoa mkono. Alisema baadaye kwamba aliwaza hivyo, kisha akaona hawezi kumwachia bintiye mkono mtupu. Akampa mkono mzima. Tano. Na kwa kuwa Idman aliendelea kumtazama, akabonyeza mara mbili.

Miaka thelathini, na lile ndilo neno lake la mwisho la kwanza kuwa uongo. Uso wake huku juu ulikuwa uso wa soko kabisa. Mtu mwingine yeyote angemwamini.

Idman alikaa kidogo. Alikuwa dhaifu sana, na nilidhani amelala. Halafu shuka likatikisika tena, polepole, na nikaona uso wa Shurie unaanza kubomoka kuanzia kidevuni. Binti alikuwa anamkunja vidole. Alikunja kidole gumba. Akapumzika. Akakunja kidole cha mwisho. Akapumzika tena, sanduku likimhesabia mapigo. Akakunja cha tatu, na cha nne. Kikabaki kimoja. Akakishika hicho kimoja kwa mkono wake wote, na akangoja.

Shurie alinitazama. Sijui alitaka nimfanyie nini. Mimi nilikuwa nalia bila sauti, nimeziba mdomo na kitambaa, na sikuwa na msaada wowote.

"Idman," akasema kwa sauti, kwa Kisomali, "nisamehe."

Idman akaitikia kwa kichwa, kidogo tu, mrija usisogee. Ndipo Shurie akakaza mkono akatulia. Walikaa hivyo muda ambao sikuuhesabu, na Hamdi, ambaye alipaswa kututoa baada ya robo saa, alikuwa anapanga sindano zilizokwisha kupangwa.

Baadaye Shurie alisoma shahada sikioni mwake, taratibu, na tukaona midomo yake ikijaribu kufuata kandokando ya mrija. Mimi nilimwomba radhi kwa ajili ya moto ule. Sijui kama alielewa nazungumzia moto upi. Alinitazama kwa upole, lakini alikuwa anatazama hivyo kila mtu siku ile.

Tulipoambiwa sasa inatosha, Shurie alitaka kuchomoa mkono, na Idman hakumwachia. Akamfungua kiganja. Nilijua kabla sijaona, kwa jinsi mabega ya Shurie yalivyoshtuka. Alikuwa amemgonga mara tatu.

Shurie alitoa tende mfukoni akasimama nayo. Mtu mzima, mzee wa ndevu, amesimama katikati ya mashine zile na tende mkononi, hajui pa kuiweka. Hamdi akaja. Alisema hakuna kitu kinachoruhusiwa kuingia kinywani, kisha akaichukua ile tende, akaiponda kwenye kikombe cha maji, akachovya kipande cha pamba na kukikamua mpaka kikabaki na unyevu tu, akampa Shurie. Akageuka kuandika kwenye karatasi zake. Shurie akampaka midomo. Mara moja, mara mbili. Idman alilamba kidogo.

Saa kumi na moja daktari alipoingia, Shurie alimwambia ameshaambiwa. Hakusema nani alimwambia nani.

Kesho yake asubuhi walimtuliza kwa dawa, wakalinyamazisha puto. Sanduku lilipoacha kupiga, chumba kilikuwa kimya kwa namna ambayo sitaki kuisikia tena. Moyo wake ulibeba peke yake dakika arobaini. Daktari alikaa kwenye kiti muda wote huo, hakwenda kokote, na ulipokwisha alisema pole kwa sauti ya mtu aliyechoka. Tulimrudisha Garissa siku hiyo hiyo, tukamzika kando ya mama yake kabla ya magharibi. Watoto wa darasa la tatu walikuja na sare zao ingawa ilikuwa Jumapili, na hilo ndilo lililonivunja kabisa.

Kwa hiyo, wanaouliza Shurie ana nini, ana hayo. Alirudi sokoni baada ya wiki sita. Analitandaza shuka kama zamani, anatoa mkono kama zamani, lakini anasema bei moja tu. Anakupa ile ya mwisho kwanza na kubonyeza mara mbili. Wanunuzi wanadhani ni ya kufungulia, wanamkunja vidole, wanabana, wanangoja. Yeye hashuki na hapandi. Wakichoka wanachomoa mkono, wanakwenda kwa vijana wanaotaja bei kwenye simu. Wateja wamempungua mpaka nusu. Nilimwambia dalali asiyejadiliana amejistaafisha mwenyewe. Akaniambia yule daktari alimpa neno la kweli mara ya kwanza, na yeye Shurie akambania bei juu ya bintiye. Nikamuuliza na Idman je. Akasema Idman alijua anadanganywa na bado alimshusha kwa adabu, kidole kimoja kimoja, ili asione haya. Hatujazungumza tena habari hiyo.

Jumatano iliyopita alikuja Liban, mnunuzi wa ngamia, mzee wa Griftu ambaye amefanya biashara na Shurie tangu sisi sote tuna meno. Liban hakubana. Alipokea bei ile moja, akakaza mkono, biashara ikaisha kwa pumzi mbili. Lakini shuka halikuondolewa. Niliwaona wamesimama hivyo, wawili wazima, ngamia ameshatiwa alama ya rangi na kuondolewa, na watu wanawapita.

Baadaye Liban alikuja kunywa chai. Alizungusha kikombe sana kabla ya kusema. Alisema baada ya kukubaliana, Shurie alifungua kiganja mle chini na kukiacha wazi, akangoja. Hakubonyeza, hakukwaruza. Liban naye akangoja kwa heshima, asijue anatakiwa kufanya nini, mpaka mwenzake alipofunga mkono mwenyewe. Miaka yote hiyo hajawahi kukutana na ishara ile, na alitaka kujua kwetu ina maana gani.

Nikamwambia sijui, anywe chai yake.